Haki ya Njia na Amana ya Mtaa

Kila zinapotajwa kanuni za kuhifadhi mitaa ya kale ya miji yetu, hukosekani mtu wa kusema kuwa hayo ni mambo ya watalii. Wengine husema ni mambo ya wazungu wanaopenda magofu, na wengine huziona kanuni hizo kuwa ni mkono mrefu wa serikali uliokuja kumzuia mtu asifanye atakalo ndani ya mali yake. Matokeo yake ni kwamba mjadala mzima huachiwa wataalamu, wawekezaji na maofisa, ilhali wanaolala ndani ya nyumba hizo, wanaoswali katika misikiti ya mitaa hiyo na wanaowapeleka watoto wao katika vyuo vyake vya Qur'ani hukaa kando kama wapita njia.

Leo katika safu hii tunakusudia kuonyesha kinyume cha hayo. Tunasema kuwa jambo hili ni la familia ya Kiislamu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Tunasema pia kuwa hatari kubwa inayoikabili mitaa yetu ya kale haitoki nje peke yake. Sehemu yake kubwa inatoka ndani ya nyumba zetu wenyewe, katika namna tunavyoziacha mirathi na wakfu bila ya msimamizi. Mfano tutakaoutumia ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi na wasomaji wetu, ingawa mengi tutakayoyasema yanaihusu Lamu, Mombasa na Bagamoyo pia.

Tuanze na kanuni zenyewe. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wengi wakaondoka, na familia kadhaa zikaingia kuishi kwa kupanga katika nyumba moja iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Matengenezo yakapungua mwaka hadi mwaka, na kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka kila msimu wa masika. Ndipo mwaka 1985 ilipoanzishwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kuipa nguvu kazi hiyo, pamoja na mpango wa hifadhi ulioandaliwa kwa kushirikiana na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe, eneo la hekta 96, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 sheria ya mamlaka hiyo ikaandikwa upya. Lamu nayo iliingia katika orodha hiyo mwaka 2001.

Kiini cha kanuni hizo si kigumu kukielewa. Anayetaka kujenga, kubomoa, kuongeza ghorofa, au kubadilisha sura ya nyumba iliyomo katika eneo la hifadhi, hupaswa kwanza kuomba kibali. Majengo hutazamwa kwa thamani yake, na yale yenye thamani kubwa huwekewa masharti makali zaidi. Urefu wa jengo jipya hupimwa kwa majirani zake. Milango ya nakshi, mabaraza, roshani na upana wa vichochoro huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mji, wala si pambo la mwenye nyumba peke yake. Kwa ufupi, sheria inasema kuwa nyumba ni yako, lakini uso wake, kimo chake na ukuta wake unaogusana na wa jirani vina haki ya watu wengine ndani yake.

Sasa tuulize, je, maneno haya ni mageni kwetu? Mwenye kusoma fiqhi anajua kuwa si mageni hata kidogo.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwaonya masahaba zake juu ya kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na mabaraza yao hayo wanayozungumza, aliwataka basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, na kuamrishana mema na kukatazana mabaya. Katika mafundisho yake pia imo kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Njia, kwa hiyo, ina haki kama alivyo na haki mtu. Na si haki ya adabu pekee. Imepokewa kutoka kwake vilevile kuwa watu wakigombana juu ya upana wa njia, basi iachwe dhiraa saba. Na imepokewa kuwa jirani asimzuie jirani yake kuegemeza boriti katika ukuta wake. Mtu aliyewahi kuingia Mji Mkongwe au Lamu, akaona jinsi nyumba zinavyoshikana bega kwa bega, atafahamu kuwa agizo hili la mwisho ndilo lililoijenga mitaa hiyo.

Masahaba nao walilifuata jambo hili kwa vitendo. Imepokewa katika tarekhe za Misri kuwa, mji wa Fustat ulipokuwa mchanga, mtu mmoja alijenga chumba cha juu, na majirani wakahofia kuchunguliwa. Habari zilimfikia Khalifa Umar (r.a.) huko Madina. Naye akamwandikia gavana wake aamuru kiwekwe kitanda ndani ya chumba kile, asimame juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi; ikiwa ataweza kuchungulia nyumba za watu, chumba kivunjwe. Hiyo ni kanuni ya mipango miji, iliyowekewa kipimo chake na namna ya kukagua, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kuundwa UNESCO.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliyapanua masuala haya katika milango ya sulhu na ya haki za majirani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza hukumu ya anayetaka kutoa roshani au kujenga daraja la juu linalopita juu ya njia ya umma. Sharti ni kuwa kisiwadhuru wapitao, na kiinuliwe kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na kama njia hiyo inapitiwa na wapanda wanyama, basi kiinuliwe zaidi. Watu wa Lamu wanaoishi na wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine, wanaishi ndani ya hukumu hii. Hata kibaraza kilijadiliwa. Kauli iliyotiliwa nguvu ni kuwa haifai kukijenga ndani ya njia ya umma, na ipo kauli nyingine inayoruhusu ikiwa hakina madhara kwa wapitao. Huko Tunis, katika karne ya nane ya Hijria, mwashi aliyeitwa Ibn al-Rami aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo: kuta za ubia, moshi, harufu, mifereji ya maji, madirisha, na milango inayotazamana.

Tumeyataja haya si kwa ajili ya kujifaharisha. Tumeyataja ili msomaji aone kuwa sheria inayomwambia mtu asiongeze ghorofa hadi achungulie ua wa jirani, au asiusogeze ukuta wake ukala kichochoro, haikuja kumnyang'anya kitu alichopewa na dini yake. Dini yake ilikwisha kumkataza kabla ya sheria hiyo kuzaliwa. Mlango wa nyumba mbili zinazotazamana haukuwekwa ana kwa ana, ukuta wa mbele haukujaa madirisha ya chini, na sebule ya wageni ikatangulia mbele ya vyumba vya familia, kwa sababu waliojenga walikuwa wakitafuta stara. Anayeivunja mipangilio hiyo huivunja stara hiyo, hata kama ana kibali mkononi.

Liko jambo jingine ambalo familia nyingi hazilitambui mpaka maafa yafike, nalo ni namna nyumba hizi zinavyosimama. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu huingia wakati wa mvua na kutoka wakati wa jua, na chokaa huuruhusu upite. Mtu anapokuja na saruji, akapiga lipu ngumu juu ya ukuta huo kwa kudhani kuwa anauimarisha, huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya, lipu hupasuka na kuanguka mabamba kwa mabamba, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza polepole mahali pasipoonekana. Juu yake huongezwa tangi la maji, kisha choo cha ghorofani kinachovuja, kisha mlizamu wa paa ulioziba ambao hakuna anayejua ni jukumu la nani kuuzibua. Siku nyumba hiyo ikianguka, watu husema ni uzee. Mara nyingi uzee umesingiziwa.

Na kwa kuwa nyumba zimeegemeana, kuanguka kwa moja ni kilio cha tatu. Ukuta wa ubia ukiondolewa, wa jirani hubaki bila ya tegemeo. Hapa ndipo kanuni ya kifiqhi ya kuzuia madhara inapokutana moja kwa moja na kibali cha ujenzi. Mamlaka inapomtaka mtu aonyeshe mchoro kabla ya kuvunja ukuta wa ndani ili kupanua duka, inamlinda mtoto aliyelala upande wa pili wa ukuta huo.

Tusidhani kuwa hatari hii ni ya nyumba za wanyonge tu. Beit al-Ajaib, lile jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash na ambalo kila mtoto wa Zanzibar analijua, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kutoa ishara. Kona yake moja ilikuwa imeanguka mwaka 2012. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote, lililotazamwa na dunia nzima, liliweza kusubiri matengenezo hadi likaua, itakuwaje nyumba iliyo ndani ya kichochoro cha Kiponda au Mkunazini, ambayo haina wa kuitazama isipokuwa wenyewe?

Hata hivyo, mawe si kitu cha kwanza tunachokihofia. Tunawahofia watu wanaoondoka.

Kilwa Kisiwani nayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, tangu mwaka 1981. Msikiti wake mkuu, wenye nguzo na kuba zake, umebaki kuwa miongoni mwa majengo makubwa ya Kiislamu ya kale katika pwani hii. Ibn Battuta alifika katika mji huo mwaka 1331 na kuusifu. Leo mawe yapo, yanakarabatiwa, yanalindwa na sheria. Lakini mji ule uliokuwa ukiujaza msikiti ule haupo tena. Hilo ndilo gofu: kuta zilizobaki baada ya watu wake kuondoka. Na mtaa unaweza kuwa gofu huku kuta zake zikiwa zimepakwa rangi vizuri na taa zikiwaka usiku kucha.

Hivyo ndivyo tunavyoona mambo yakielekea katika sehemu za Mji Mkongwe, hasa zile zilizo karibu na bahari. Nyumba ya familia hugeuka nyumba ya wageni, ya pili hugeuka duka la vinyago, na ya tatu mgahawa. Kila mmoja kwa upande wake amefuata kanuni: uso wa nyumba haukubadilishwa, mlango wa nakshi umetiwa mafuta, chokaa imepakwa upya. Lakini jioni, muadhini anapoadhini Magharibi, safu zinazojipanga nyuma ya imamu zimepungua. Wafanyakazi hurudi makwao Ng'ambo na mashamba, wageni hukaa juu ya dari wakitazama jua likizama, na mwalimu wa chuo huwahesabu wanafunzi wake kwa vidole. Sheria iliyolinda mlango haikuweka sharti juu ya nani atakayeufungua.

Mitaa hii haikupata heshima yake kwa sababu ya mawe. Ilipata heshima kwa sababu ilikuwa madarasa. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyefariki mwaka 1925, na mwanawe Sayyid Omar, aliyefariki mwaka 1976, walifundisha na kutoa hukumu hapa, na wanafunzi wakawajia kutoka pwani nzima na visiwa vya Ngazija. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912 na ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili imo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, ni zao la elimu hiyo. Elimu ile ilisimama juu ya kitu kimoja rahisi: mwanafunzi, mwalimu na msikiti walikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa hiyo tunapodai kanuni za hifadhi, tudai pia kanuni inayoweka mpaka juu ya idadi ya nyumba za makazi zinazoweza kugeuzwa biashara katika mtaa mmoja. Kuhifadhi makazi kuwe na uzito ule ule wa kuhifadhi nakshi.

Tukifika hapo, ni lazima tuseme lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Nyumba nyingi zinazoondoka mikononi mwa Waislamu wa mitaa hii haziondoki kwa kunyang'anywa. Zinaondoka kwa kutogawanywa.

Hali huwa hivi. Babu amefariki na kuacha nyumba moja na watoto saba. Mirathi haikugawanywa, kwa kuwa kugawanya kulionekana ni kuleta fitina. Kisha wawili kati ya saba wakafariki, sehemu zao zikaingia kwa watoto wao, yale mafakihi wanayoyaita munasakha. Baada ya miaka arubaini nyumba ina warithi thelathini, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat, wengine London. Anayeishi ndani ni shangazi mmoja mtu mzima pamoja na wajukuu. Paa likivuja, shangazi husema nyumba si yake peke yake. Walio mbali husema hawakai humo. Kibali cha kutengeneza hakiwezi kuombwa, kwa sababu hakuna anayeweza kutia saini kwa niaba ya wote. Masika matatu yanatosha. Siku anapotokea mnunuzi, warithi wote thelathini hukubaliana kwa mara ya kwanza, na makubaliano hayo huwa ni ya kuuza. Shangazi hupewa sehemu yake ya fedha, akahamia chumba cha kupanga mbali na msikiti aliouzoea tangu utoto.

Hakuna sheria ya hifadhi inayoweza kuiponya nyumba hii. Dawa yake imo katika ilmu ya mirathi, ambayo tumeipuuza sisi wenyewe. Sheria ya Allah (S.W.) ya mirathi inampa kila mmoja haki yake kwa hesabu iliyo wazi, kuichelewesha miaka arubaini kwa jina la kulinda undugu hakuulindi undugu, bali kunaidhulumu haki ya aliye dhaifu. Familia zinazotaka kubaki na nyumba ya ukoo zinaweza kufanya hivyo kihalali. Waigawanye mirathi kwa kadhi, kila mrithi ajue fungu lake kwa maandishi. Anayetaka kuuza auze kwa ndugu kwanza. Na wanaobaki wamteue wakala mmoja mwenye mamlaka ya kuomba kibali, kukusanya kodi na kusimamia fundi. Mwenye kuishi ndani apewe haki yake, na fungu la matengenezo litengwe kabla ya gawio la mtu yeyote.

Yote haya yanahusu wakfu kwa uzito mkubwa zaidi. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, zilizowekwa na waja wema, wanaume kwa wanawake, kwa ajili ya misikiti, mafukara na vizazi vyao. Katika fiqhi ya wakfu, kuimarisha mali ya wakfu hutangulia kuligawa pato lake, kwa kuwa pato litakatika ikiwa shina litakufa. Lakini tunashuhudia nyumba za wakfu zinazopangishwa kwa kodi ndogo ambayo haimtoshi fundi wa siku mbili, na mpangaji ambaye naye huipangisha kwa mwingine kwa bei ya soko na kuweka tofauti mfukoni. Huyu haoni kuwa anamwibia mtu, kwa kuwa aliyeiweka wakfu amekwisha kufa. Asahau basi kuwa mkataba wa wakfu ni baina ya marehemu huyo na Mola wake. Wenye kusimamia wakfu wanapaswa kuzihesabu upya nyumba hizo, kuzipandisha kodi kwa kadiri ya haki bila ya kumtupa nje fukara wa kweli, na kutangaza hadharani kilichokusanywa na kilichotumika katika matengenezo.

Tuseme pia kwa uadilifu kuwa malalamiko ya wakazi dhidi ya kanuni hizi hayakosi msingi. Chokaa nzuri na fundi anayeijua kazi ya kale ni ghali kuliko saruji na fundi wa mtaani. Boriti za mikoko nazo haziwezi kukatwa ovyo bila ya kuimaliza mikoko yenyewe. Mjane anayeambiwa abomoe lipu ya saruji na kupiga ya chokaa, bila ya kupewa msaada wowote, ataiona sheria kuwa ni adhabu. Na machungu yake huzidi anapotazama upande wa bahari. Hoteli kubwa iliyojengwa Shangani, penye jengo la kale la Mambo Msiige, ilizua mjadala hadi mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia, na bado ilisimama. Mtu wa kawaida hujiuliza: je, kanuni hii ina macho mawili, moja la kuwatazama wenye nacho na jingine la kututazama sisi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si kuifuta kanuni bali kuitumia kwa wote. Kanuni inayowabana wanyonge na kuwaachia wenye nguvu huangamiza heshima ya sheria yenyewe, na dini yetu imetuonya vikali juu ya umma zilizopita zilizoangamia kwa tabia hiyo. Wenye madaraka wakumbuke kuwa hadhi hii si ya milele. Mwaka 2021 mji wa Liverpool, katika nchi tajiri ya Uingereza, uliondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya majengo mapya yaliyoharibu sura ya bandari yake ya kale. Kama Liverpool imeondolewa, hakuna sababu ya kuamini kuwa sisi tutavumiliwa daima. Pamoja na kutumia sheria kwa usawa, serikali na wafadhili waanzishe mfuko wa kuwakopesha wakazi bila ya riba kwa ajili ya kutengeneza paa na mifereji, kwa kuwa paa zima ndilo linalookoa nyumba nzima. Vijana wafundishwe uashi wa chokaa na useremala wa milango, wapate riziki ya halali hapo hapo mtaani.

Kwa upande wetu sisi familia, yapo mambo ambayo hayahitaji mfadhili wala bajeti ya serikali. Kabla ya masika, mlizamu na paa vikaguliwe, na mti uliota ukutani ung'olewe ungali mche. Kabla ya kumwita fundi, mtu aulize ofisi ya hifadhi na sheha wake kinachoruhusiwa. Kuuliza ni bure, kubomoa ulichokwisha kukijenga ni hasara mara mbili. Kabla ya kuvunja ukuta, jirani ajulishwe, kwa kuwa haki yake ipo kabla ya kibali. Wazee waandike wasia na warithi wagawane mapema. Wale waliojaaliwa kuishi nje, badala ya kutuma fedha za harusi peke yake, watume na za boriti. Na mkutano wa shehia unapoitishwa kujadili mipango ya mtaa, kina mama wahudhurie pia, kwa kuwa wao ndio wanaojua dirisha lipi linachungulia na kichochoro kipi hakipitiki usiku.

Watoto wetu nao wafundishwe kuupenda mtaa wao kwa kuujua. Baba anapotoka na mwanawe kwenda kuswali Ijumaa, amwonyeshe mnara wa Msikiti wa Malindi uliochongoka, na amweleze kwa nini misikiti mingi ya jirani haina minara kabisa. Amwonyeshe baraza, na amfundishe kuwa anayekaa juu yake ana deni la kurudisha salamu. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatachora ukuta wa watu kwa makaa, na akiwa mkubwa hataiuza nyumba ya babu yake kabla ya kufikiri mara mbili.

Waliotutangulia walitujengea mitaa ambayo ndani yake mwanamke hupita kwa stara, mzee hufika msikitini kwa miguu yake, na mgeni hupata pa kukaa kabla ya kuulizwa jina. Walitukabidhi ikiwa nzima. Amana hurudishwa kwa mwenyewe, na wenyewe wa amana hii ni wale ambao bado hawajazaliwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao na ahadi zao, awarehemu waliotuwekea wakfu, na awape wenye madaraka moyo wa uadilifu. Amin.